UZI: Mahakama ya Juu ikishatoa hukumu, nani hubaki na neno la mwisho hapa Uganda?

#1 Msomaji wa Hukumu, Kampala

Ndugu wachangiaji, salamu kwenu nyote. Tangu tarehe 31 Januari 2025, Mahakama ya Juu ilipoamua katika rufaa ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Michael Kabaziguruka kwamba raia wasishtakiwe mbele ya mahakama za kijeshi, mazungumzo yetu kuhusu mahakama hiyo yamekuwa ya kushangilia au kulaani tu. Upande mmoja unaiona kama mkombozi, na upande wa pili unaiona kama mahali ambapo serikali hupata muhuri. Naomba tuitazame kwa namna nyingine, yaani tufuate kilichotokea baada ya kila hukumu kubwa: Bunge lilifanya nini, Rais alisema nini, na wananchi waliendelea kubishana juu ya nini.

Kwanza tuelewane kuhusu ngazi, kwa kuwa wengi huichanganya Mahakama ya Juu na Mahakama Kuu. Mahakama Kuu husikiliza kesi nzito kuanzia mwanzo. Juu yake iko Mahakama ya Rufani, na majaji watano wa mahakama hiyo wanapokaa kutafsiri Katiba chini ya Ibara ya 137 huitwa Mahakama ya Katiba. Mahakama ya Juu iko kileleni, na maamuzi yake yanazifunga mahakama nyingine zote, ingawa Ibara ya 132 inairuhusu yenyewe kuachana na uamuzi wake wa zamani inapoona ni haki kufanya hivyo. Shauri la aina moja tu huanzia kwake moja kwa moja, nalo ni la kupinga uchaguzi wa rais. Majaji wake huteuliwa na Rais kwa ushauri wa Tume ya Utumishi wa Mahakama, Bunge likishaidhinisha, nao hustaafu wakifika umri wa miaka 70.

Sasa turudi kwa Kabaziguruka. Alikuwa mbunge wa Nakawa alipokamatwa mwaka 2016 na kufikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Mahakama ya Katiba ilimpa ushindi tarehe 1 Julai 2021, serikali ikakata rufaa, na jibu la mwisho likapatikana mwaka 2025, karibu miaka tisa baada ya kukamatwa. Mahakama ya Juu ilisema kwamba mahakama ya kijeshi, kwa jinsi inavyoundwa, haina uhuru wala kutopendelea ambako Katiba inamhakikishia kila mshtakiwa, na ikaagiza kesi za raia zilizokuwa zikiendelea huko zihamishiwe mahakama za kawaida. Rais alisema hadharani kwamba uamuzi huo haukuwa sahihi. Hata hivyo, mwezi Februari Dkt. Kizza Besigye, mwanasiasa wa upinzani aliyekuwa amechukuliwa jijini Nairobi mnamo Novemba 2024 na kufikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi Kampala, alipelekwa mahakama ya kiraia na kusomewa shtaka la uhaini. Tarehe 20 Mei 2025 Bunge likapitisha marekebisho ya sheria ya jeshi yanayoruhusu tena raia kushtakiwa katika mahakama za kijeshi katika mazingira yaliyotajwa, na Rais akayatia saini mwezi uliofuata.

Msomaji mwenye haraka atasema hukumu ilizikwa ndani ya miezi mitano, nami sikubaliani naye. Ibara ya 92 inalikataza Bunge kutunga sheria ya kubadili hukumu ya mahakama baina ya wahusika wa kesi ile, kwa hiyo Kabaziguruka mwenyewe hawezi kunyang'anywa alichopewa. Zaidi ya hapo, waliotaka kuzirudisha kesi za raia jeshini walilazimika kuandika upya sheria yao kwa lugha ya majaji, wakieleza ni raia gani, kwa kosa gani, na mbele ya watu wenye sifa gani za kisheria. Kabla ya hapo walikuwa hawaulizwi. Kwa maoni yangu nguvu ya mahakama hii iko hapo: hata inaposhindwa kumaliza ugomvi, huchagua maneno ambayo wanasiasa watalazimika kuyatumia katika ugomvi unaofuata.

Karibuni.

#2 Mpakani, Busia

Ndugu Msomaji, umeanza na kesi inayoipendeza hoja yako. Mimi naishi mahali ambapo ukivuka barabara umeingia Kenya, na tarehe 1 Septemba 2017 nilikuwa upande wa pili wakati Jaji Mkuu David Maraga alipotangaza kwamba majaji wanne dhidi ya wawili wamefuta uchaguzi wa rais. Niliporudi upande wetu, kila mtu aliuliza swali moja: kwa nini kwetu jambo kama hili halijawahi kutokea?

Tuhesabu. Mwaka 2001 Besigye alipinga ushindi wa Rais Museveni, na majaji walikubali kwamba sheria za uchaguzi hazikufuatwa, lakini watatu dhidi ya wawili wakasema kasoro hizo hazikuyaathiri matokeo kwa kiasi kikubwa. Mwaka 2006 alirudi, kasoro zikaonekana tena, na safari hii kura zilikuwa nne dhidi ya tatu. Mwaka 2016 Amama Mbabazi alishindwa mbele ya majaji tisa waliokubaliana wote, baada ya ofisi za mawakili wake kuvunjwa na nyaraka kuchukuliwa wakati kesi ikiendelea. Mwaka 2021 Robert Kyagulanyi aliondoa shauri lake kabla halijaamuliwa, akidai kwamba hatatendewa haki. Jaji Mkuu Owiny-Dollo, ambaye mwaka 2006 alikuwa miongoni mwa mawakili wa Rais, alikuwa amekataa kujitoa.

Basi niambie, ndugu yangu, ni lugha gani ambayo majaji wamewapa wanasiasa hapo, isipokuwa ile ya "kiasi kikubwa"? Kila aliyeiba kura anajua sasa kwamba anaruhusiwa kuiba mpaka kiwango fulani, na kiwango chenyewe hakuna anayekijua.

#3 Wakili wa Mlimani, Mbale

Ndugu wa Busia, hasira yako naielewa, lakini tutenganishe kosa la jaji na kosa la sheria. Sheria yetu ya uchaguzi wa rais, katika kifungu kinachotajwa kila mara, inadai mambo mawili kwa pamoja: kwamba taratibu hazikufuatwa, na kwamba kutofuatwa huko kumeyaathiri matokeo kwa kiasi kikubwa. Majaji wa Kenya walikuwa na kifungu kinachofanana na chetu kwa sehemu, wakakisoma kama milango miwili, ambapo mlalamikaji akiingia kwa mmoja tu inatosha. Majaji wetu walio wengi, tangu Jaji Mkuu Odoki mwaka 2001, wameisoma milango hiyo kama mmoja nyuma ya mwingine, na wameegemea mno hesabu ya kura. Walio wachache, Oder na Tsekooko mwaka 2001, kisha wao pamoja na Kanyeihamba mwaka 2006, walitaka uzito wa vitisho na ukiukaji wenyewe upimwe, hata pale ambapo hauwezi kugeuzwa kuwa idadi. Mimi binafsi naona wachache hao walikuwa sahihi. Uchaguzi ambao wapiga kura wametishwa hauwezi kupimwa kwa kutoa na kujumlisha, kwa sababu aliyeogopa kwenda kituoni hayumo katika hesabu yoyote.

Ongezeni juu ya hayo tatizo la muda. Mpaka mwaka 2016 mlalamikaji alikuwa na siku 10 za kuwasilisha shauri lake, na mahakama siku 30 za kuamua. Jaribuni kufikiria kukusanya hati za kiapo kutoka Karamoja, Kisoro na visiwa vya Kalangala katika siku hizo. Katika hukumu ya Mbabazi majaji walipendekeza muda wa kusikiliza uongezwe hadi angalau siku 60, wakataka sheria iguse matumizi ya vyombo vya habari vya serikali na ugawaji wa michango wakati wa kampeni, na wakamwagiza Mwanasheria Mkuu awape taarifa ya utekelezaji ndani ya miaka miwili. Lilikuwa jambo jipya, mahakama kushindisha upande mmoja na papo hapo kuupa kazi ya kufanya. Walimu wa sheria kutoka Makerere, walioingia katika shauri lile kama marafiki wa mahakama, walichangia sana mwelekeo huo.

Bunge lilitoa siku 15 za kuwasilisha na siku 45 za kuamua. Zilipatikana kupitia marekebisho yale yale ya Katiba yaliyoondoa ukomo wa umri wa miaka 75 kwa mgombea urais. Pendekezo la mahakama liligeuzwa gari la kubebea mzigo mwingine.

#4 Mzee wa Bombo

Wanangu, nawasoma kwa makini. Mnaanza mwaka 2001 kana kwamba kabla ya hapo hapakuwa na majaji.

Mwaka 1966, baada ya Obote kuiondoa Katiba ya uhuru na kuleta ile ambayo wabunge waliikuta katika visanduku vyao vya barua, chifu mmoja wa Buganda aitwaye Michael Matovu alifungwa bila kushtakiwa. Kesi yake ilifika mbele ya Jaji Mkuu Udo Udoma, mtu wa Nigeria. Mahakama ilisema kwamba mapinduzi yaliyofaulu huzaa sheria mpya, na kwamba Katiba ile ilikuwa halali kwa sababu ilikuwa imeshashika. Hukumu hiyo ilisomwa mbali na hapa, katika nchi nyingine za Afrika na Asia ambako wanajeshi walihitaji karatasi ya kuwahalalisha. Siku zile kilele cha mahakama zetu hakikuwa hata Kampala. Rufaa zilikwenda kwenye Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, mpaka Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977.

Halafu tarehe 21 Septemba 1972 watu wenye silaha walimchukua Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka ndani ya jengo la Mahakama Kuu, mchana, naye hakurudi. Alikuwa Mganda wa kwanza kushika cheo hicho. Kwa hiyo mkiwahukumu majaji wa leo kwa uoga, kumbukeni wanatembea katika ukumbi wa aina gani. Na msidhani mambo hayo yalikwisha na Amin. Novemba 2005 watu wenye silaha waliizingira Mahakama Kuu wakati washtakiwa wenzake Besigye walipokuwa wamepewa dhamana, na Machi 2007 walirudi tena, mpaka majaji wakagoma.

#5 Msomaji wa Hukumu, Kampala

Mzee wetu, tunashukuru sana. Umenisaidia kuliona jambo ambalo nilikuwa nimelipitia juu juu: kesi ya Matovu ndiyo sababu waandishi wa Katiba ya mwaka 1995 walianza dibaji kwa kukumbusha historia ya misukosuko, na wakaweka Ibara ya 3 inayotangaza kwamba kuipindua Katiba ni uhaini na kumpa kila raia wajibu wa kuitetea. Walikuwa wanamjibu Udoma, miaka 29 baadaye.

Kwa ndugu wa Busia, nakubali kwamba rekodi ya mashauri ya urais ni dhaifu. Lakini tazama upande mwingine. Februari 2004 mahakama hiyo hiyo, katika kesi ya waandishi wa habari Charles Onyango Obbo na Andrew Mwenda, ilifuta kosa la kuchapisha habari za uongo, na Jaji Mulenga akaeleza kwamba ulinzi wa uhuru wa kusema haukomei kwenye maneno ambayo ni ya kweli. Hukumu hiyo imeendelea kuzaa. Mwaka 2010 Mahakama ya Katiba ilifuta kosa la uchochezi, na Januari 2023 ikafuta kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta, kilichohusu mawasiliano ya kuudhi. Sisi tunaoandika hapa tunaishi chini ya kivuli cha hukumu hiyo, ingawa watawala hawachoki kutunga vifungu vipya badala ya vile vilivyofutwa.

Nadhani mpaka uko hapa: mahakama yetu ni jasiri pale ambapo gharama ya ujasiri inagawanyika kwa watu wengi na kwa miaka mingi, na huwa na tahadhari pale ambapo gharama yote ingeangukia siku moja, juu ya kiti kimoja.

#6 Mama wa Arua

Kaka Msomaji, naomba nilete mambo ya nyumbani, maana wanaume mkikutana ni uchaguzi tu.

Tarehe 6 Agosti 2015 Mahakama ya Juu iliamua kesi iliyoletwa na shirika la Mifumi la Tororo kuhusu mahari. Mifumi walitaka mahari yenyewe itangazwe kuwa kinyume cha Katiba, na majaji walio wengi wakakataa. Lakini walisema kumdai mwanamke au wazazi wake warudishe mahari ndoa inapovunjika kunaudhalilisha utu wake na kunamzuia kutoka katika ndoa yenye mateso. Jaji Esther Kisaakye alitaka mahakama iende mbali zaidi. Huku kwetu West Nile hakuna askari aliyekuja kuitekeleza hukumu hiyo. Familia bado hukaa chini ya mti na kuhesabu ng'ombe. Kilichobadilika ni kwamba siku hizi, dada wa mwanamke akiwa amesoma kidogo, husimama katikati ya kikao na kusema, "Mahakama ya Juu imekataza," na wazee hulazimika kumjibu. Wakati mwingine wanashinda wao. Kabla ya mwaka 2015 hakuwa na la kusema.

Na kuna ile ya Susan Kigula na wafungwa wenzake zaidi ya 400 waliokuwa wakisubiri kunyongwa. Januari 2009 mahakama ilisema jaji hawezi kulazimishwa na sheria kutoa adhabu ya kifo bila kutazama mazingira ya mshtakiwa, na kwamba aliyekaa zaidi ya miaka mitatu akisubiri baada ya rufaa yake ya mwisho kukataliwa, adhabu yake iwe kifungo cha maisha. Adhabu ya kifo haikufutwa. Lakini wengi walirudishwa Mahakama Kuu wakapangiwa adhabu upya, na Kigula mwenyewe, aliyesomea sheria akiwa gerezani, alitoka mwaka 2016.

#7 Wakili wa Mlimani, Mbale

Dada, umesema vizuri, na nitaongeza jambo moja ambalo familia za wafungwa huniuliza. Miaka miwili baada ya Kigula, katika kesi ya Tigo Stephen, mahakama hiyo hiyo ilisema kifungo cha maisha ni cha maisha ya mtu yote, si miaka 20 kama magereza yalivyozoea kuhesabu. Waliookolewa na hukumu ya kwanza waliikuta ya pili ikiwasubiri mlangoni.

Kuhusu ukomo wa umri, Mahakama ya Katiba ilikuja kukaa hapa Mbale, na Julai 2018 majaji wanne dhidi ya mmoja waliyaacha marekebisho yasimame, isipokuwa walifuta sehemu ambayo wabunge walikuwa wamejiongezea muda kutoka miaka mitano hadi saba. Aprili 2019 Mahakama ya Juu ilikubali kwa kura nne dhidi ya tatu. Majaji Mwangusya, Mugamba na Tibatemwa walikataa. Kura moja tu. Kilichobaki katika sheria ni fundisho kwamba Katiba ina nguzo za msingi ambazo Bunge haliwezi kuzing'oa, ingawa umri wa rais haukuhesabiwa miongoni mwake. Siku itakuja mtu atajaribu kung'oa nguzo yenyewe, na mawakili wa siku hiyo wataanzia hapo.

#8 Mkulima wa Bunyoro, Hoima

Nimekuwa nikisoma bila kuandika. Kwetu Mahakama ya Juu tuliijua kwa sababu ya barabara ya Hoima kwenda Kaiso na Tonya. Oktoba 2015 iliamua kesi ya Irumba dhidi ya mamlaka ya barabara, ikafuta kifungu cha sheria kilichoiruhusu serikali kuchukua ardhi ya mtu kabla ya kumlipa. Ibara ya 26 inasema fidia ilipwe kwanza, na majaji wakasema ndivyo ilivyo.

Mwaka 2017 serikali ikaleta muswada wa kuibadili Ibara ya 26, ili iweke pesa mahakamani na kuendelea na mradi wakati mwenye shamba bado anabishana kuhusu bei. Rais alizunguka redioni mkoa kwa mkoa kuueleza. Kila kijiji kilikuwa na maoni, na hata watu wa chama tawala waliupinga, mpaka ukaondolewa. Ndugu wa Busia, hapo majaji walipanda mbegu na sisi wakulima tukailinda. Kama wangesema neno hilo kuhusu jambo ambalo halimgusi mwenye shamba, sidhani kama lingedumu.

#9 Mpakani, Busia

Mkulima amenijibu kuliko mawakili wote. Basi swali langu kwa Wakili ni la mwisho: ile sheria mpya ya jeshi ya mwaka 2025, ikifika Mahakama ya Juu, itapona?

#10 Wakili wa Mlimani, Mbale

Imeshapingwa katika Mahakama ya Katiba, kwa hiyo itaanzia kwa majaji watano. Serikali itasema imeziba tundu, kwamba sasa viongozi wa mahakama za kijeshi ni watu wenye sifa za uwakili. Wapinzani watasema tundu halikuwa elimu ya aliyekaa kitini. Katika hukumu ya Kabaziguruka kasoro iliyotajwa ilihusu uhuru: wajumbe walikuwa wakiteuliwa na Kamandi Kuu ya jeshi, kwa muda mfupi, nao walibaki chini ya amri ya wakubwa wao wakati wote walipokuwa wakihukumu. Ukimteua wakili mzuri na kumwacha katika mnyororo huo huo wa amri, swali linabaki palepale. Kwa upande mwingine, majaji waliacha mlango wazi kidogo waliposema "kwa jinsi zilivyoundwa", na Mwanasheria Mkuu ataingia kwa mlango huo. Ningekuwa ninamwandikia mlalamikaji, nisingepoteza kurasa nyingi nikilalamika kwamba Bunge liliidharau mahakama. Ningeliweka jina la anayeteua, muda wa uteuzi na jina la anayeweza kumwondoa aliyeteuliwa katika ukurasa wa kwanza, kisha ningewaachia majaji wasome aya zao wenyewe za Januari 2025.